Clock Tower: Hitilafu ya Mashine au Hofu ya Jennifer?

Mchezo wa Clock Tower ulitolewa nchini Japani tarehe 14 Septemba 1995 na kampuni ya Human Entertainment kwa ajili ya Super Famicom (mashine ya michezo ya Nintendo inayojulikana nje ya Japani kama Super Nintendo), chini ya uongozi wa Hifumi Kono, na mpaka leo unawasumbua wachezaji wapya kwa namna ambayo michezo mingi ya kutisha haiwasumbui. Mambo ambayo kwingineko tungeyaita hitilafu, hapa yamewekwa kwa makusudi. Muziki unanyamaza kwa dakika nyingi, msichana unayemwongoza anapanda ngazi kwa kujikokota, na chumba ulichokiacha jana mwisho wa ushoroba leo hakipo. Kwa kuwa mchezo huu haukuuzwa rasmi nje ya Japani hadi Oktoba 2024, lilipotoka toleo la Clock Tower: Rewind kwa mashine za sasa, watu wengi wameufikia kwa njia za mzunguko: katriji za mitumba kutoka Japani, programu za emuleta (zinazoiga mashine ya zamani kwenye kompyuta au simu), na tafsiri za mashabiki. Ndiyo maana hitilafu za kweli nazo zipo, na zimechanganyika na zile za kudhaniwa.

Kabla ya kutafuta mchawi, tazama picha ndogo ya uso wa Jennifer Simpson, yule msichana unayemwongoza, kwenye kona ya skrini. Rangi iliyo nyuma ya uso huo ndiyo kipimo cha nguvu zake: buluu maana yake ni mzima, kisha hufuata manjano, halafu machungwa, na hatimaye nyekundu. Kila ninapoombwa msaada juu ya mchezo huu, swali langu la kwanza ni hilo: rangi ilikuwa gani tatizo lilipotokea? Nalisisitiza kabla mtu hajanieleza anatumia mashine ipi. Ikiwa rangi ilikuwa buluu na tatizo linajirudia palepale hata baada ya kuzima na kuwasha, shuku mashine. Ikiwa ilikuwa machungwa au nyekundu, shuku hofu.

Mashine haiwaki, au picha haina rangi

Sehemu hii inamhusu anayetumia Super Famicom yenyewe, hasa akiwa katika nchi zetu ambako umeme wa ukutani ni kati ya volti 230 na 240. Adapta ya Japani imetengenezwa kwa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani kwa kibadilisha plagi tu, itaungua, na mara nyingi utasikia harufu ya plastiki kabla hujaona chochote kwenye televisheni. Kinachotakiwa ni transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100, au adapta nyingine inayopokea umeme wa kwetu na kutoa volti 10 za mkondo wa moja kwa moja, zisizopungua miliampea 850, ikiwa na upande hasi katikati ya kichwa chake. Jambo hilo la upande hasi huwapotosha hata mafundi wazoefu, kwa sababu adapta nyingi zinazouzwa madukani zina upande chanya katikati. Vilevile usiazime adapta ya NES (mashine ya Nintendo iliyotangulia) ya Kimarekani kwa kuwa kichwa chake kinaingia vizuri. Ile hutoa umeme wa mkondo geu, na mashine ya Kijapani haikuundwa kuupokea.

Mashine ikiwaka lakini picha ikaonekana nyeusi na nyeupe, au ikapanda na kushuka bila kutulia, chanzo chake ni televisheni. Super Famicom hutoa mawimbi ya mfumo wa NTSC, ilhali televisheni nyingi za zamani katika Afrika Mashariki zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL. Baadhi hupokea NTSC baada ya kubadilishwa kwenye menyu ya mfumo wa rangi, kwa hiyo anzia hapo kabla ya kununua kebo mpya.

Ikiwa katriji yenyewe haisomeki, ichomoe na usafishe meno yake ya shaba kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, uiache ikauke kabisa, ndipo uirudishe. Tabia ya kuipuliza kwa mdomo iachwe, kwa sababu unyevu wa pumzi huleta kutu ambayo baadaye hufanana na ubovu wa mashine. Mwenye mashine ya Kimarekani akiona katriji ya Kijapani haiingii, ajue kwamba kinachozuia ni vijino viwili vya plastiki ndani ya tundu. Mashine ya Ulaya, kwa upande wake, ina chipu ya ulinzi inayoikataa katriji hiyo hata ikiingia.

Skrini nyeusi au maandishi yaliyovurugika kwenye emuleta

Mtu aliyenakili katriji yake mwenyewe na kuiwekea kiraka (faili ndogo inayobadilisha mchezo) cha tafsiri ya mashabiki hukutana na tatizo hili mara kwa mara. Anafungua faili, anaona giza tupu, au anaona utangulizi vizuri kisha mazungumzo yanageuka vipande vya picha visivyosomeka. Sababu ya kawaida ni baiti 512 zilizoongezwa mwanzoni mwa faili na vifaa vya zamani vya kunakilia. Kiraka huandika mabadiliko yake kwa kuhesabu nafasi kutoka mwanzo wa faili; zikiwepo baiti ambazo hakikuzitarajia, kila badiliko linaangukia pasipo pake.

Njia ya kupima ni rahisi. Katriji ya Clock Tower ni ya megabiti 24, kwa hiyo nakala safi ambayo bado haijawekewa kiraka inapaswa kuwa na baiti 3,145,728 kamili. Ukiona 3,146,240, zile 512 zimo. Soma maelezo yaliyokuja na kiraka ujue kinataka faili ya aina gani, uiandae nakala hivyo, kisha uanze upya kwa nakala safi. Usibandike kiraka mara ya pili juu ya faili iliyokwisha kuharibika, kwa sababu makosa ya kwanza yatabaki chini ya masahihisho.

Sauti imekatika

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na karibu kila mara hakuna kilichoharibika. Sehemu kubwa ya uchunguzi ndani ya jumba la familia ya Barrows, ambamo mchezo unafanyika, haina muziki. Muziki huingia Scissorman, muuaji anayemwinda Jennifer, anapotokea na mikasi yake mikubwa, nao hukoma ukishamkwepa. Kimya hicho ni sehemu ya taarifa unayopewa: maadamu husikii muziki, bado una nafasi ya kupekua.

Kipimo ni nyayo. Mtembeze Jennifer ushorobani na usikilize viatu vyake. Nyayo zikisikika, sauti yako ni nzima na huna la kurekebisha. Zisiposikika, basi angalia kebo na sauti ya televisheni, au katika emuleta angalia kama towe la sauti limeelekezwa kwenye kifaa kingine, kwa mfano spika ya mbali uliyoitumia jana. Sauti inayokwaruza na kukatikakatika ni jambo jingine: hutokana na akiba ndogo mno ya sauti (buffer) katika mipangilio ya emuleta, nayo hupona ukiiongeza hadi karibu milisekunde 64.

Nawasihi wanaotumia emuleta wasiweke muziki mwingine nyuma ili kujaza kimya hicho. Nimewahi kukaa na ndugu yangu akicheza huku redio ikiwa wazi, naye akauawa mara tatu katika saa moja kwa sababu hakusikia wimbo wa kufukuzwa ulipoanza. Tulipozima redio, alinusurika katika chumba kilekile, akiwa na pedi ileile.

Kishale kinajisogeza, au kitufe cha hofu hakifanyi kazi

Mchezo huu huongozwa kwa kishale kinachosogezwa kwa vitufe vya mshale, wala si kwa fimbo ya kidole gumba. Ukitumia pedi ya kisasa na kuifanya fimbo ichukue kazi ya mshale, uchakavu mdogo wa fimbo utakisukuma kishale polepole kuelekea upande mmoja hata kama hujaigusa. Ongeza eneo la fimbo lisilopokea amri, au urudi kwenye vitufe vya mshale, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vinavyoufaa mchezo huu hata kama ni vya taratibu.

Tatizo zito zaidi ni la kitufe B. Scissorman akimfikia Jennifer, au kitu kingine kikimvamia, mchezaji anatakiwa kubonyeza B kwa haraka na kwa kurudia mpaka ajikwamue. Wachezaji hukiita kitufe cha hofu. Kwenye pedi ya Nintendo B iko chini na A iko kulia, ilhali kwenye pedi za mtindo wa Xbox herufi hizo zimebadilishana nafasi: A iko chini, B iko kulia. Emuleta nyingi hufuata nafasi ya kitufe, si herufi iliyochapwa juu yake. Kwa hiyo mtu anasoma mwongozo unaomwambia abonyeze B, anabonyeza B ya pedi yake kwa nguvu zote, na mchezo unapokea A. Jennifer anakufa, na mchezaji anaamini kwamba kitufe cha hofu hakifanyi kazi. Fungua ramani ya vitufe, bonyeza kila kimoja, na uthibitishe kinasomwa kwa jina gani kabla ya kuingia ndani ya jumba. Hili lisiachwe mpaka siku ya hatari.

Ikiwa ramani ni sahihi na bado kitufe hakijibu kila unapokibonyeza, pedi ya zamani ifunguliwe na mpira ulio chini ya kitufe usafishwe, kwa kuwa duara dogo jeusi la kaboni likishika mafuta ya vidole hupoteza mguso.

Jennifer anajikwaa na hatii amri

Hapa ndipo rangi ya uso inapotoa jibu. Siku moja nilikuwa nimemtoa Jennifer chumbani ambako kioo kilikuwa kimegeuka na kumkaba. Taswira yake mwenyewe ilinyoosha mikono kutoka ndani ya kioo na kumshika shingo. Nilimwokoa kwa kitufe cha hofu, nikafurahi, na sikuangalia kona ya skrini. Nikamkimbiza moja kwa moja hadi kwenye ngazi. Mlio wa mikasi ukaanza, muziki ukaingia, nikabonyeza kitufe cha begani ili akimbie, naye akaanguka chali ushorobani kana kwamba amevutwa. Akainuka, akakimbia hatua chache, akaanguka tena. Nilidhani pedi imekufa. Nilipotazama kona ya skrini kwa mara ya kwanza tangu kisa cha kioo, nyuma ya uso wake palikuwa pekundu.

Kila tishio, kila mbio na kila kunusurika kwa kitufe cha hofu humpunguzia nguvu. Akiwa katika rangi nyekundu hujikwaa anapokimbia, na uwezekano wake wa kujikwamua akishikwa hupungua sana. Dawa yake si kubonyeza kwa nguvu zaidi. Mpeleke mahali patulivu, usimpe amri yoyote, umwache akae sakafuni. Rangi itarudi polepole kuelekea buluu. Wachezaji wengi huona muda huo kuwa ni wa kupoteza. Mimi huuheshimu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mchezo, kwa sababu ndiyo hatua pekee ya kujinusuru unayoweza kuichukua kabla hatari haijafika.

Kwenye ngazi, hata hivyo, usitafute tatizo. Kupanda kwake ni kwa taratibu hata akiwa buluu, hivyo usizitegemee ngazi kama njia ya kutorokea ikiwa Scissorman yuko karibu nyuma yako. Kwenye sakafu tambarare, vitufe L na R humfanya akimbilie kushoto au kulia bila kusubiri kishale kifike mwisho wa skrini, na asiyevijua vitufe hivyo kila mara ataona kwamba Jennifer ni mzito.

Mwongozo unasema chumba kipo hapa, nami sikioni

Kuna sababu mbili, nazo zinatofautiana kabisa.

Ya kwanza ni kwamba mchezo hubadilisha mpangilio wa baadhi ya vyumba na mahali pa baadhi ya vitu kila unapoanza upya. Ramani aliyoichora mwenzako ni ya kweli kwa mchezo wake, na inaweza kukudanganya katika mchezo wako. Chora yako. Kipande cha karatasi na penseli vinatosha, na baada ya kufungua milango kumi hivi utajua ni sehemu zipi zimehama na zipi ziko palepale.

Sababu ya pili ni ya majina, nayo imewapotezea watu siku nzima. Mchezo uliouzwa kwa Kiingereza kwenye PlayStation mwaka 1997 kwa jina la Clock Tower si huu. Nchini Japani ule ulitolewa mwaka 1996 kama Clock Tower 2. Jennifer yumo, Scissorman yumo, miisho yake pia hupangwa kwa herufi, lakini majengo ni mengine na matukio ni mengine. Mwaka huohuo wa 1997, mchezo wa kwanza uliletwa PlayStation nchini Japani kwa jina la Clock Tower: The First Fear. Basi ukifungua mwongozo, angalia kama unazungumzia mayatima wa kituo cha Granite, Jennifer akiwemo, wanaopelekwa na mwanamke aitwaye Mary kwenye jumba la Barrows, huko Romsdalen nchini Norway. Usipowaona wenzake Laura, Anne na Lotte katika kurasa za mwanzo, unasoma mwongozo wa mchezo mwingine. Wanaotumia Clock Tower: Rewind nao wahakikishe wamechagua hali ipi mwanzoni, ya asili au ya Rewind, kwa sababu hali ya pili ina nyongeza ambazo miongozo ya 1995 haikuzijua.

Scissorman ananipata kila ninapojificha

Maficho si hirizi. Mahali palipokuokoa mara ya kwanza panaweza kukusaliti ukipategemea tena, na mtu aliyezoea uvungu mmoja wa kitanda mwisho wake hukamatwa uvunguni mwa kitanda hichohicho. Unapopekua wakati wa kimya, hesabu maficho pamoja na vitu, na ujue angalau mawili kwa kila ghorofa. Angalia pia kwamba kishale hubadilika umbo kinapopita juu ya kitu kinachoweza kutumika. Kama hakibadiliki, kabati hilo ni pambo tu, na kulibofya wakati unafukuzwa ni kupoteza sekunde ambazo huna.

Wapo wanaodhani kwamba kuendelea kukimbia kutamchosha. Anayechoka ni Jennifer.

Kitu nilichokiokota hakina kazi

Mara nyingi kina kazi, ila mwenye kukihitaji bado hujakutana naye. Mfano mzuri ni nyama ya paja la nguruwe iliyomo jikoni. Wengi huiacha kwa kuwa katika mchezo huu chakula hakirudishi nguvu, kisha wanakutana na Simon Barrows aliyefungiwa wakiwa mikono mitupu. Ni yeye anayetulizwa kwa nyama hiyo. Chukua kila kinachochukulika, na ukikwama, rudi kwenye orodha ya vitu kabla ya kurudi kwenye ushoroba.

Kila ninapopakia hifadhi ninakufa

Tatizo hili ni la emuleta na la matoleo mapya yanayoruhusu kuhifadhi wakati wowote. Umehifadhi ukiwa katika rangi nyekundu, mikasi ikiwa hatua mbili nyuma yako, na huna nafasi ya kuhifadhi nyingine. Hifadhi hiyo haina uponyaji. Katika Rewind unaweza kujaribu kurudisha muda nyuma, lakini uwezo huo hukurudisha mbali kidogo tu. Tumia nafasi mbili tofauti, na uhifadhi wakati wa kimya rangi ikiwa buluu, kamwe si katikati ya mbio. Ujue pia kwamba hifadhi iliyotengenezwa na emuleta moja huenda isifunguke vizuri katika nyingine, au hata katika toleo jingine la emuleta hiyohiyo. Skrini ikiganda mara tu baada ya kupakia, rudi kwenye programu iliyoitengeneza.

Nimetoroka, lakini mwisho ni mbaya

Mchezo una miisho 9, inayopewa herufi S kisha A hadi H. Mchezaji aliyefika kwenye gari, akapata ufunguo na kuondoka, huona kwamba ameshinda, kisha anashangaa kupewa herufi ya chini kabisa kwenye orodha. Hakuna kilichoharibika. Jennifer mwenyewe husita kuwaacha wenzake, na kusita huko ni onyo ambalo mchezaji mwenye haraka hulipita. Ukilazimisha aondoke, mikasi itaonekana tena kutoka kiti cha nyuma.

Miisho ya juu haipimwi kwa kasi. Inategemea umeona nini ndani ya jumba, umegundua nini kuhusu baba yake Jennifer na kuhusu familia ya Barrows, na kama yupo rafiki aliye hai saa ya mwisho ikifika. Anayepata miisho ya chini mara kwa mara huwa anafuata njia ileile fupi kwa sababu anaijua. Tiba ni kuanza mchezo mpya, si kupakia hifadhi ya katikati, kwa sababu matukio mengi yanayoamua nani atapona hutokea mapema, na hifadhi uliyonayo imekwisha kuyabeba.

Katika mchezo huo mpya, ingia katika vyumba ulivyovipita, soma karatasi unazozikuta, umpumzishe Jennifer kila rangi inapofika machungwa, na uufikie mnara wa saa ukiwa buluu. Huko juu saa yenyewe ndiyo silaha. Bobby, yule tunayemwita Scissorman, hawezi kuustahimili mlio wake, kwa hiyo ukifika kwenye mitambo na ukakosa cha kubofya, kipitishe kishale taratibu juu ya kila sehemu ya mashine mpaka kibadilike umbo, kisha uiwashe.